Kijapani cha Magari ya Kobero

Jumatatu, 6 Juni 2011. Kobero.

Wiki ya tatu ya Kijapani. Maendeleo makubwa!

Leo nimeosha magari manne, na matatu yamenisemesha. La nne lilikuwa bubu. Redio yake imeng'olewa njiani. Namjua aliyeing'oa, ila sitaandika.

Niweke kumbukumbu vizuri, nikija kuwa mtu mashuhuri wasihangaike. Jina Urbano. Umri miaka thelathini na moja. Mrundi niliyekulia kambini Ngara, nikarudi nyumbani Butihinda miaka minne iliyopita. Kazi: kuosha magari hapa mpakani mwa Burundi na Tanzania. Yanatoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, madereva wanayaleta huku yameiva kwa vumbi, na kabla ya kuendelea Gitega na Bujumbura wanataka yang'ae. Ndipo yanaponijia mimi. Sasa, ukizungusha ufunguo wa gari la Japani, mwanamke aliye ndani anazungumza. Sauti tamu! Sauti ya adabu! Waosha magari wenzangu wanamsikia kila siku na wanaendelea kusugua matairi. Mimi peke yangu ndiye niliyejiuliza: huyu mama anasema nini?

Jibu nimelipata kwa akili tu. Mtu akifunguliwa mlango asubuhi, husema nini kwanza? Husalimu. Basi "Itishi kaado ga sonyuu sarete imaseni" ni salamu. Ni ndefu, ndiyo. Wajapani ni watu wa heshima.

Jioni dada yangu Klara amepiga simu kutoka Makebuko, huko Gitega alikoolewa. Mtaalamu wa mpunga kutoka Japani atautembelea ushirika wao Jumatano ya wiki ijayo. Atachagua bonde moja tu la kupewa mashine ya kukoboa. Mkalimani waliyeahidiwa kutoka Bujumbura hajibu simu. Emiliana, katibu wa ushirika, ndiye aliyekumbuka kwamba mdogo wa Klara, yaani mimi, aliwahi kutaja Kijapani.

Emiliana! Amenikumbuka!

Klara akaniuliza kama kweli ninakijua. Nilitaka kusema kidogo. Mdomo ukasema: kama maji.

Jumanne, 7 Juni.

Siku mbaya kwa elimu.

Gari jeupe la Athumani, dereva wa Tanga. Mwenyewe kaenda forodhani na karatasi zake. Nikapata nafasi. Nikawasha, nikasikiliza, nikazima, nikaandika. Mara kumi na tisa. Mara ya ishirini yule mama akakatika katikati ya neno, kama mtu aliyezimia.

Betri imekufa.

Athumani akarudi. Nikamweleza kwamba nilikuwa nasoma. Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kusoma betri. Hakungoja jibu. Tulilisukuma lile gari sisi wawili mbele ya maafisa wa forodha, mbele ya wabadilisha fedha, mbele ya wabeba mizigo, mbele ya Mama Bulonza, Mkongo wa Uvira anayeuza chai na maandazi karibu na kizuizi. Mama Bulonza akapaza sauti ya kufika Kabanga, ng'ambo ya mpaka.

"Urbano! Leo gari ndiyo inakuendesha we?"

Mpaka mzima ukacheka. Nikamwinamia kidogo, Kijapani. Akanimwagia makombo ya maandazi.

Faida ya leo: mara kumi na tisa zimetosha. Salamu imeniingia.

Alhamisi, 9 Juni.

Ugunduzi!

Lori dogo, jipya kutoka bandarini. Kila likirudi nyuma linasema, "Baku shimasu, gochui kudasai." Linarudia na kurudia. Nikafikiri. Kurudi nyuma ni kuondoka. Anayeondoka husema nini? Husema kwaheri! Nikasimama nyuma yake kabisa na daftari, nisipoteze silabi ya mwisho.

Lori likazidi kuniaga. Likaniaga kwa msisitizo, huku likinijia, mpaka likaniangusha chali kwenye mtaro wa maji ya sabuni. Dereva akashuka mbio, uso umempauka. Akauliza kama sikusikia. Nimesikia! Nimesikia kila neno! Goti limevimba, daftari limelowa, lakini kwaheri ninayo.

Na si hiyo tu. Lori hilohilo lilipokata kona likasema: "Hidari e magarimasu." Magari! Neno letu kabisa! Ikabidi nikae juu ya ndoo. Kijapani na Kiswahili ni ndugu, na hakuna profesa aliyewahi kulisema hili. Tafsiri yangu ya muda: "Karibuni kwenye magari."

Mama Bulonza amenikanda goti kwa maji moto, huku akiniuliza kwa nini simwulizi mtu mwenye anajua. Nikamwambia anitajie mmoja, Kobero nzima. Akarudi kwenye maandazi yake. Ushindi.

Jumamosi, 11 Juni. Gitega.

Athumani amenisamehe. Amenipakia toka Kobero, tumepita Muyinga, tumepita Karuzi, kwa sharti nisiguse ufunguo. Nimesafiri nimekalia mikono.

Kabla ya kwenda kwa Klara nimepita kwa Cirhuza. Huyu ni Mkongo wa Bukavu anayeuza vipuri vya magari karibu na soko. Shati la kola, manukato, kiti cha kuzunguka. Emiliana akija mjini hupumzisha miguu dukani kwake. Eti miguu. Nilipita kumsalimu tu. Haya, nilipita kumpeleleza.

Habari alikuwa nazo tayari.

"Kijapani?" akasema, akiniita ndugu kwa Kifaransa cha Bukavu. "Mofrere, Kijapani mi naisomaka kila siku!"

Akashusha boksi la mkanda wa injini, akaanza kuyafuata maandishi kwa kidole, midomo ikichezacheza. Nikamwambia boksi lipo kichwa chini. Akaligeuza haraka. Ukweli, mimi pia sikujua upande wa juu ni upi. Lakini nilisema kwanza!

Kisha nikamtolea salamu nzima bila kuvuta pumzi. Akatikisika. Niliona kwa macho yangu. Akasema hayo maneno ameyasikia mahali, hakumbuki wapi. Nikamjibu bila shaka, hiyo ni lugha ya dunia.

Anasema Jumatano atakuja Makebuko kwa pikipiki yake, ajionee. Aje. Mashahidi ni muhimu.

Jumapili, 12 Juni. Makebuko.

Pentekoste!

Padri amehubiri juu ya mitume: upepo, ndimi za moto, kila mtu anasema lugha ambayo hakufundishwa. Ambayo hakufundishwa! Nikahisi ananitazama mimi. Klara naye alinitazama, kwa jicho lingine.

Baada ya misa Emiliana amenifuata uwanjani. Kitambaa cha bluu. Ameniita "kaka Urbano." Kaka! Neno hilo ni ukuta wa matofali ya kuchoma. Lakini akaniomba niwafundishe wanachama wote salamu, mgeni apokelewe kwa lugha ya kwao. Basi ukuta una mlango.

Jumatatu, 13 Juni.

Nimefundisha watu thelathini na wanane kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Asubuhi walikuwa wakijikwaa. Saa sita walikuwa wakiimba kama kwaya. Tatizo ni Longino peke yake, ambaye meno ya mbele yalimtoka mapema. Akifika kwenye "sonyuu" anapiga mluzi. Mbuzi wa jirani wamekuja mara mbili.

Emiliana ameandika kila silabi kwa mwandiko wa mviringo. Halafu akauliza: neno lipi hapo ni "habari" na lipi ni "asubuhi"? Swali la hatari sana. Nikamjibu kwamba Kijapani ni kama yai, ukilikata linamwagika. Akaliandika na hilo.

Mchana Klara akanichukua bondeni. Tukasimama kwenye tuta, maji pande zote mbili, na hakuniangalia alipokuwa anasema. Alisema mume wake aliporudi kutoka Tanzania alikuta mashamba ya baba yake huko juu yana watu, na watu wale nao wana watoto waliozaliwa humo. Wakakaa na wakubwa wa kilima, ndiyo kijiji cha huku, wakagawana. Wao wakaangukiwa na bonde, ambalo hakuna aliyelitaka. Wakapanda mpunga, kama walivyojifunza ukimbizini. Wenzao wakacheka, kisha wakaja kuomba mbegu. Leo waliorudi na waliobaki wako kwenye ushirika mmoja, kwa sababu ya mpunga tu. Lakini mashine iko Gitega mjini, na kila gunia linapanda mlima kwenye kichwa cha mwanamke.

Kisha ndipo akanitazama. "Urbano, kama hujui, sema leo. Sitakasirika."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Vyura wanalia.

Nikasema: "Dada, niamini."

Sijui nani alisema. Sauti ilikuwa yangu.

Naandika hapa ili ijulikane: nina hofu kidogo. Kidogo sana.

Jumanne, 14 Juni.

Hofu imekua. Mpango wa dharura: kukaukiwa na sauti.

Nimekohoa tangu alfajiri. Saa mbili nikawa nanong'ona. Saa tatu nikawa naonyesha kwa mikono. Mpango ulikwenda vizuri mno mpaka saa nne, Emiliana alipoleta limau, asali na tangawizi kwenye kikombe, akasimama anisubiri ninywe. Ningefanyaje? Nikanywa. Akauliza kama nimepata nafuu. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya padri.

Mbaya zaidi: yule mkalimani wa Bujumbura amejibu leo. Yuko tayari kuja. Klara amemwambia asisumbuke, tuna wetu.

Tuna wetu!

Jumatano, 15 Juni.

Nitaandika kama yalivyotokea.

Gari limefika saa nne asubuhi. Akashuka Bi Chizuru, mwanamke mfupi wa makamo, kofia pana, buti za mpira zilizokwisha kanyaga matope mengi. Watoto wakapiga kelele kwamba Mchina kaja. Nikawarekebisha kwa ukali, kama mtu wa kazi. Cirhuza alikuwa kasimama karibu na pikipiki yake, na tai shingoni. Klara alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi.

Nikapiga hatua mbele. Nikainama. Nikanyanyua mkono, na watu thelathini na wanane wakapasua:

"Itishi kaado ga sonyuu sarete imaseni!"

Mluzi wa Longino ukaja mahali pake.

Bi Chizuru akageuka, akalitazama gari lake. Akatutazama sisi. Akafungua mlango wa gari, akachungulia ndani, kama mtu anayemtafuta msemaji. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaongeza: "Hidari e magarimasu!" nikinyoosha mkono kumkaribisha. Akatazama kushoto. Nikawa nimebakiwa na kwaheri tu. Kumkaribisha mgeni kwa kwaheri si vizuri, najua, lakini kukaa kimya ni vibaya zaidi. Nikamwendea nikisema, "Baku shimasu, gochui kudasai!" Akaruka pembeni!

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mpunga. Kofia ikaanguka. Akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akanitazama, akaanza upya. Baadhi ya wanachama nao wakacheka, kwa adabu, bila kujua wanacheka nini. Klara hakucheka.

Cirhuza akaninong'oneza: "Mofrere, sasa nakumbuka. Ni ile madamu ya ndani ya gari."

Bi Chizuru akasimama, akaokota kofia, na akasema, kwa Kiswahili kisafi kuliko changu: "Shikamooni wazee. Nawaombeni radhi, sikuwacheka ninyi. Huyu kaka ameniambia kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Halafu akasema anakata kona kushoto. Halafu akasema anarudi nyuma, nijihadhari."

Amekaa Morogoro miaka sita akifundisha kilimo cha mpunga. Aliuliza kama hatukuambiwa kwamba anasema Kiswahili. Hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyeuliza.

Niliisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Emiliana alikuwa anatazama daftari lake, ule ukurasa mzima wa mwandiko wa mviringo. Nikaanza kuondoka polepole, kinyumenyume. Safari hii hata kwaheri sikusema.

Nilikuwa nimefika kwenye migomba Longino aliposimama kutoa maombi ya ushirika. Nikamsikia.

"Madamu, sisi tunalimaka mu mare. Rekolte iko muzuri, Mungu asifiwe. Shida yetu iko dekortikezi. Bibi yangu anapandisha mupunga na kichwa mpaka Gitega, na iko na mimba ya myezi saba."

Kalamu ya Bi Chizuru ikasimama. "Mzee, samahani. Bibi yako? Ana umri gani?"

"Iko na makumi tatu na tano."

Akamtazama Longino, mvi na mapengo. "Bibi... yaani mama yake mama yako?"

"Hapana! Bibi ya kwangu! Mwenye nilioa kanisani!"

Bi Chizuru akafunga daftari taratibu. Longino akawa amevimba kwa hasira. Klara akafumba macho. Na mimi nikaona vizuri kabisa, toka pale kwenye migomba, jinsi mashine inavyoondoka na kwenda bonde la watu wengine.

Miguu ikarudi yenyewe. Sikupanga. Kwa mara ya kwanza wiki nzima sikupanga kitu.

Nikasema: "Bi Chizuru, huku kwetu bibi ni mke. Huyo ni mke wake. Mare ni hili bonde la maji. Rekolte ni mavuno. Dekortikezi ndiyo mashine yenyewe ya kukoboa."

Akashika kinywa. Akamwomba Longino radhi kwa mikono miwili. Kisha akauliza majaruba yetu yana ukubwa gani, na watu wote wakatazamana, maana waliobaki hawajui jaruba ni nini, na waliorudi walishaliacha neno hilo kwa kuchekwa. Nikawaambia: anauliza vile vipande vya mpunga vyenye matuta. Ego! wakaitikia, na thelathini na wanane wakajibu kwa pamoja. Akauliza palizi. Nikasema. Wakajibu kwa maneno yao ya Kifaransa kilichokunjwa na Kirundi. Nikasema tena. Ikawa hivyo saa mbili nzima, tuta kwa tuta, tope mpaka magotini. Kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili!

Kile Kiswahili tulichorudi nacho, ambacho watu walitucheka nacho sokoni na kutuita Watanzania. Hichohicho.

Mwisho Bi Chizuru akamwomba mke wa Longino kapu lake. Tukamtwisha mgeni, limejaa mpunga. Akapanda mlima hatua kama ishirini, shingo ikitetemeka, na hakuna aliyecheka. Akashuka, akalitua mwenyewe. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari. Sikuuliza ni nini.

Alhamisi, 16 Juni.

Bi Chizuru amerudi asubuhi. Amepita mabonde manne, na ameamua. Mashine itakuja Makebuko kabla ya mavuno yajayo. Funguo zitakaa kwa wanawake, na Klara ndiye wa kwanza kuzishika.

Wanawake wamepiga vigelegele, wamecheza, na mke wa Longino amekatazwa kucheza na amecheza. Longino mwenyewe amempa Bi Chizuru jogoo. Jogoo amepiga kelele garini muda wote.

Halafu Bi Chizuru akaniita kando. Ana mafunzo ya miezi mitatu katika mabonde mengine, hapa Gitega na huko Muyinga, na anahitaji mtu mwenye Kiswahili cha pande zote mbili. Ananiomba mimi! Sharti moja: nisiseme Kijapani mbele ya wakulima mpaka anifundishe mwenyewe.

Akaniambia pia kwa nini alicheka vile. Baba yake, marehemu sasa, alikuwa dereva wa lori. Bi Chizuru alipokuwa mdogo, lile neno la kurudi nyuma ndilo lililomwamsha kila asubuhi, baba akitoa lori uani. Hakutegemea kuliamkia tena Makebuko. Nikamwambia pole. Akasema hapana, asante.

Akanifundisha neno la kwanza la kweli: "Watashi wa Urubano desu." Mimi ni Urbano. Akanishauri: neno moja kwa siku, na kabla ya kulitumia nimwulize mtu anayejua. Nimekubali kwa moyo wote.

Cirhuza amenipa mkono. Ameahidi kuitafutia mashine vipuri siku ikiugua. "We uko mutu ya bahati," akasema. Si mtu mbaya. Manukato tu yamezidi.

Klara amenipakulia mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema neno moja: mjinga. Alilisema kwa upole, akaniongeza nyama.

Na Emiliana! Amekuja na daftari, ule ukurasa ameuchana, mpya umeanza. "Watashi wa Emiriana desu," akasema, bila kosa, mara ya kwanza. Nimechukia sekunde moja hivi. Kisha akasema, "Kesho neno lingine, Urbano?"

Urbano. Bila kaka!

Jumapili, 19 Juni.

Mimi ni mtu mpya. Siku nne, maneno manne, yote yamehakikiwa kwa simu na Bi Chizuru. Haraka nimeiacha. Kujisifu nimekuacha. Leo kanisani niliketi nyuma.

Baada ya misa Longino ametoa tangazo. Ili lori la mashine lipite, daraja la bondeni lazima likaguliwe, na mhandisi atakuja Alhamisi. Mturuki. Longino akauliza, kama mzaha, kama kuna anayejua Kituruki.

Emiliana akanitazama. Kidogo tu. Pembeni ya jicho.

Nikasikia mtu anasema Kituruki si kigumu.

Hakuna sababu ya wasiwasi. Nina siku nne nzima, na Kijapani nilikipata bila mwalimu. Ushauri wa Bi Chizuru nimeuzingatia: mwulize anayejua. Lakini Makebuko yote nani anajua Kituruki? Mimi tu. Basi nimejiuliza.

Vifaa tayari ninavyo. Kabatini kwa Klara kuna kopo la biskuti zilizotoka Uturuki. Zina ladha ya mbao, lakini hatuzitaki kwa kula. Chini ya kopo kuna maneno mazito, peke yao, kwa herufi kubwa: "Son tuketim tarihi." Nimeyasema mara thelathini. Yanatamkika vizuri. Kesho asubuhi nawakusanya wanachama kwenye uwanja wa mpunga.

Lazima ni salamu, tena salamu rasmi ya kumpokea mkubwa. Pembeni yake wameweka na tarehe, ya mwezi uliopita. Nani huweka tarehe kwenye maneno ya mchezo?